Kibarua akianza kukohoa: niliyojifunza kwenye bekari yetu baada ya korona

Mzee wetu wa tanuri alificha homa siku tatu.

Hiyo ni Machi 2021, wimbi la tatu la korona limepamba moto, na sisi hapa kwenye bekari yetu Majengo, Mombasa, tulikuwa tunajiona tumeshajipanga, tangi la maji liko mlangoni, sanitaiza ipo, barakoa kila mtu anayo na kile kipima joto cha kuelekezea mtu kwenye paji la uso tunacho. Mzee alikuwa anafika saa kumi alfajiri, kafyu ikiisha tu, na kabla hajaja kupimwa anapitia kwanza kwenye bomba, ananawa uso na shingo kwa maji baridi, anasimama pale kwenye upepo mpaka ngozi inapoa, alafu ndo anakuja mbele ya kipimo. Kinasoma sawa. Anaingia anavaa aproni anaanza kusukuma trei. Siku ya nne akaanguka pembeni ya rafu, boflo zikamwagika zote chini, na mimi nilipomshika mkono ndo nikasikia lile joto lililokuwa ndani ya mwili wake.

Hospitali hawakuturuhusu kumuona, tukawa tunaongea kwa simu akipata nafuu kidogo. Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona hukuniambia?" Akanyamaza, nasikia tu pumzi zake zinavyokatika, alafu akasema, "Mwanangu, nikikwambia utanirudisha nyumbani. Na nikirudi nyumbani siku hiyo hakuna kitu."

Sikuwa na jibu manake ni kweli. Kwetu watu wote wa tanurini na wa kupakia walikuwa vibarua, 700 kwa siku, hukuja hulipwi, iwe unaumwa iwe umefiwa. Kanuni hiyo niliirithi kwa baba pamoja na tanuri na sikuwahi kukaa chini nikajiuliza kama ni haki. Nimetumia maelfu ya pesa kununua vipimo na sanitaiza, na mtu bado anaona afadhali aje kazini na homa kuliko watoto walale njaa.

Naandika haya kwa sababu bado naulizwa, hasa na vijana wanaofungua biashara saa hii, sisi wenye biashara tunaweza kufanya nini ili watu na mtaa wasimame tena baada ya janga kama lile. Na wengi wakiuliza hivo kichwani wanafikiria msaada, mifuko ya unga, barakoa, picha na chifu. Sikatazi msaada, mimi mwenyewe nimetoa na nitatoa tena. Lakini nikikumbuka ile miaka naona wazi kwamba kilichowainua watu wetu ni mambo ya kawaida kabisa ya biashara, unalipa vipi, unadai vipi, mtu wako akiumwa unamfanyia nini, na wewe ukidaiwa unalipa lini. Hayo ndo nataka tuongee.

Tuanze na hesabu manake mwenye biashara haelewi mpaka uweke hesabu. Baada ya Mzee kuanguka, watu wanne wengine wakapatikana wanaumwa, tukafunga siku 11. Kodi inaendelea, unga umefunguliwa, hamira imeharibika, wateja wa vibanda wamehamia kwengine, nikija kujumlisha hasara ilipita laki mbili. Sasa kama Mzee angekuwa anajua akikaa nyumbani wiki nzima analipwa, ningemlipa siku 7 mara 700, yaani 4,900. Elfu nne na mia tisa jamani. Hiyo ndo pesa niliyokuwa naichunga mpaka nikapoteza laki mbili, na karibu nipoteze mtu aliyenifundisha kukanda unga nikiwa darasa la tatu.

Na kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuwa hata hisani. Nilienda kwa wakili mmoja jirani yetu akanifungulia Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 30, imeandikwa kabisa kwamba mfanyikazi akishafanya miezi miwili mfululizo ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili kila mwaka, na 7 zingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Nikamwambia lakini wangu ni vibarua. Akageuza karatasi akanionyesha kifungu cha 37, kibarua ukimfanyisha kazi siku mfululizo zikajumlika zikafika mwezi basi sheria inamuona kama mtu wa mwezi, hata kama wewe bado unamlipa kila jioni mkononi. Mzee amekuwa kibarua kwetu miaka 19.

Kwa hivo ushauri wangu wa kwanza kwa mtu yeyote mwenye wafanyikazi hata wawili: lipa siku za ugonjwa, na uwaambie watu kwa mdomo wako mwenyewe kwamba utalipa, uwaambie zaidi ya mara moja. Usibandike karatasi ukutani ukafikiri umemaliza, watu wameshaona karatasi nyingi. Sisi tulikaa chini kwenye magunia siku ya kwanza ya kufungua tena nikasema mbele ya wote, ukiumwa piga simu, usije, pesa yako utaikuta. Walinitazama tu. Hakuna aliyeniamini mpaka mwezi wa sita kijana wa kupakia alipoumwa malaria akakaa nyumbani siku nne, Jumamosi akapewa bahasha yake imejaa sawa na wenzake, akaihesabu mara mbili pale pale mbele ya wenzake. Kuanzia hapo ndo simu zikaanza kuja.

Watu watakwambia utadanganywa, kila mtu ataumwa kila Jumatatu. Kwetu wamenidanganya wawili, nawajua, na nimeongea nao. Wawili kwa miaka yote hii mimi naona ni bei ndogo sana.

Alafu kuna pesa ya wadeni. Hapa ndo watu wa nje hawaelewi bekari inafanya kazi vipi. Sisi mteja wetu mkubwa sio supamaketi, ni akina mama wa vibanda, wale wanaouza chai na mbaazi asubuhi, wanachukua boflo alfajiri kwa deni na wanalipa jioni wakishauza. Machi 2020 shule zikafungwa, kafyu ikaanza tarehe 27 kuanzia saa moja jioni, Aprili Mombasa na Kilifi na Kwale zikafungwa watu wasitoke wala kuingia, hoteli za pwani zikarudisha watu makwao bila mshahara. Nani atanunua chai? Mei tarehe 6 wakafunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh kule Nairobi, Ramadhani iko katikati, watu wamezoea kutoka jioni kutafuta futari, na sisi tuna akina mama 12 ndani ya Mji wa Kale. Siku ya kwanza kijana wetu wa boda alisimama kwenye kizuizi na kreti za boflo za moto, upande wa pili mama mmoja amesimama anamuangalia, polisi katikati, na hakuna kupita. Zile boflo tulizigawa pale barabarani.

Kufikia tunafungua vizuri daftari langu la madeni lilikuwa na majina 38 na jumla ya 61,000 na kitu. Baba alikuwa na desturi ya kubandika majina ya wadaiwa sugu karibu na dirisha la kuuzia, na mimi niliikuta nikaiendeleza. Kitu cha kwanza niliitoa ile karatasi. Wakati ule watu walikuwa wanateswa vya kutosha, zile apu za mikopo zilikuwa zinampigia mtu mpaka mashemeji zake na mwalimu wa madrasa kumwambia fulani hajalipa 1,500, sikutaka mama atoke huko aje akute jina lake kwangu pia.

Alafu nikaenda mmoja mmoja. Sikuwapigia simu, nilienda kwa miguu, kibanda kwa kibanda, na daftari kwapani. Wanne niliwafuta kabisa, wawili wamefiwa na waume zao, mmoja amefariki mwenyewe, mmoja amerudi kwao Taita na hana kitu. Waliobaki tulikubaliana hivi: deni la zamani tunaliweka pembeni, unalipa 20 kwa siku ukiweza, na boflo mpya unaanza kuchukua leo lakini kidogo, trei moja, unalipa jioni. Unaona, ukimnyima boflo mpya mpaka alipe deni la zamani hatalipa kamwe, manake hizo boflo ndo zingemletea pesa ya kulipa. Wauza jumla wengi hawaelewi hapo. Wanafunga mkono alafu wanashangaa mbona madeni yamekufa. Katika wale 34, 29 wamemaliza, wengine ilichukua miaka miwili. Mama mmoja alinilipa 20 ya mwisho akanikumbatia tukalia wote wawili katikati ya Majengo watu wanatuangalia.

Kilichotusaidia pia ni kwamba kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa mwaka ule kutuma M-Pesa 1,000 kwenda chini kulikuwa bure, baada ya Benki Kuu kukubaliana na kampuni za simu. Kwa mtu anayetuma 20 na 50 hiyo ni kubwa sana. Nautaja huu mfano kwa wenye kampuni kubwa wakisoma hapa: ile ilikuwa ni bei tu ya kitu ambacho kampuni inauza kila siku, na ilifika mpaka kwa mama wa mbaazi kuliko mfuko wowote wa msaada niliouona mimi kwa macho yangu. Ukitaka kusaidia angalia kwanza wewe unauza nini. Kule Kilifi kuna kiwanda cha Revital kinachotengeneza sindano za chanjo, na kule Eldoret Rivatex waliacha vitambaa vya kawaida kwa muda wakashona barakoa, Kitui nako kiwanda cha nguo cha kaunti kikafanya hivo hivo. Kila mmoja alitumia mashine ambayo tayari anayo na mikono ambayo tayari inajua kazi.

Na hapa niseme jambo limenikaa rohoni. Kuna hoteli moja, siitaji, tulikuwa tunaipelekea mikate na keki, ilikuwa inadaiwa na sisi tangu Februari 2020, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa Kenya tarehe 13 Machi. Nilielewa walipofunga. Lakini 2021 Disemba wageni wamejaa, magari mpaka barabarani, na sisi bado tunaambiwa muhasibu hayupo, rudi Jumatano. Wakati huo huo nimeona kwenye magazeti wamepeleka misaada kwenye kituo cha watoto yatima, hundi kubwa ya karatasi. Pesa yetu tuliipata 2022, imekatwakatwa, na kati ya hapo niliwaambia vijana watatu wasubiri nyumbani kwa sababu sina cha kuwalipa. Mmoja mke wake alikuwa amejifungua wiki ile.

Kwa hivo nyinyi wakubwa, mahoteli, supamaketi, mashule, lipeni watu wadogo mapema. Mkitaka kufanya jambo moja tu la kusaidia nchi ipone baada ya janga lolote, fungueni ile faili ya malipo yaliyochelewa, anzeni na wale wadogo kabisa, muuza mayai, fundi wa mabomba, mama anayefua shuka, mlipe wiki hii. Hizo siku 90 mnazoandika kwenye mikataba, huku chini ni mtoto amefukuzwa shule kwa karo.

Mimi baada ya hapo nilijiangalia na mimi, nikaona kuna mzee wa Bamba anatuletea kuni na nazi na nilikuwa namlipa nikijisikia. Saa hii analipwa akishusha mzigo.

Kuhusu chanjo sitasema sana. Dozi za kwanza zilifika Kenya Machi 3, 2021, zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, na bekarini kwetu maneno yalikuwa ni mengi, ati inaondoa uzazi, ati ukichanjwa miaka miwili unakufa. Kuna wenzangu walilazimisha, huna cheti huna kazi. Mimi niliogopa kulazimisha, niliona tumetoka tu kurudisha uaminifu. Nilimuomba nesi wa zahanati ya jirani, mama ambaye nusu ya vijana wetu amewazalisha mama zao, aje anywe chai na sisi. Hakuhutubia, alikaa akajibu maswali saa nzima, hata ya aibu. Wiki iliyofuata nikawapa nusu siku yenye malipo ya kwenda kuchanjwa, na siku ya pili ya kupumzika kama mkono unauma au mtu ana homa. Wengi walienda. Watatu hawakuenda na bado tuko nao.

Sasa matanga. Hili hakuna aliyenishauri na nadhani ndo lililotuponya zaidi.

Mnakumbuka mazishi yalivyokuwa mwanzoni, watu 15 wa familia tu, maiti anashushwa haraka haraka, hakuna kukaa tanga, hakuna hitma, jirani hawezi kuja kukushika mkono. Sisi watu wa huku mtu akifa nyumba inajaa, unalia na watu, unapikiwa, siku zinapita una watu. Mwaka ule watu walizika alafu wakarudi kazini kesho yake kimya. Katika watu 14 wa bekari, sita walikuwa wamezika mtu wa karibu na hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaa tanga vizuri. Niliona kwa kazi, mtu mzuri anasahau chumvi, mwingine anagombana kwa kitu kidogo, dada mmoja wa kupakia anaingia stoo ya unga anakaa huko muda mrefu anatoka macho mekundu. Nilimkemea mara mbili kabla sijajua kwamba amemzika mama yake kupitia video ya simu, yeye yuko huku na mama yuko Kisii na barabara zimefungwa.

Agosti 2021 tukafunga nusu siku ya Ijumaa. Tukatandika mikeka pale uani, Waislamu tukasoma hitma, alafu Wakristo wakaomba na kuimba nyimbo zao, kila mtu akataja jina la mtu wake aliyeondoka na kusema kidogo alikuwaje. Wengine walisema maneno mawili tu. Yule dada wa Kisii aliongea karibu nusu saa, mama yake alikuwa akipanda ndizi, alikuwa hapendi kupigwa picha, mambo madogo madogo kama hayo, na sisi tukakaa tukasikiliza. Tukapika pilau. Ilinigharimu mauzo ya nusu siku na kilo chache za nyama. Tangu hapo hakukuwa tena na mtu wa kujificha stoo, na kama mtu ana siku mbaya anasema leo sina moyo, nipeni kazi ya nyuma.

Sijui kama ndo afya ya akili wanayoisema kwenye semina. Kama una pesa ya kumleta mshauri wa kweli mlete, na kama mtu wako amezidiwa, halali, hali, anasema maneno ya kutaka kufa, mpeleke hospitali usimpe tu nasaha. Lakini kabla ya hayo yote wape watu nafasi ya kuomboleza wafu wao ndani ya saa za kazi.

Mzee alirudi Mei. Tulipiga vigelegele, tukamkalisha kiti. Lakini pumzi zake zilikuwa hazijarudi. Anabeba trei mbili anasimama ameshika ukuta, na tanuri lile ni moto kweli kweli, mtu mzima tu linamchosha. Akawa anasema atazoea. Mtu aliyeugua vibaya hatakwambia hawezi, ataogopa umuondoe, kwa hivo wewe ndo unatakiwa kuona na kusema. Tukamtoa tanurini tukampa mlango, yaani ndo anahesabu trei zinazotoka, anaandika daftari, na anafundisha vijana wawili jinsi ya kusikia unga kwa kidole kama umeiva kukandwa. Mshahara haukupungua hata shilingi. Na nilimpa saa za kuanzia saa mbili asubuhi. Baada ya kama mwaka pumzi zikawa nzuri kiasi, lakini hajarudi tanurini na hatorudi, na hao vijana wawili saa hii ni mafundi kuliko mimi.

Ukiwa na mtu wa hivo usimpe likizo ndefu alafu ukamsahau, mtafutie kazi nyingine ndani ya kazi yako. Karibu kila biashara ina kazi ya kukaa.

Daktari aliyekuwa anamuangalia Mzee ndo aliyeniuliza kama bekari ina madirisha. Nikasema yapo lakini tunafunga kwa sababu ya nzi. Akaniambia vumbi la unga lenyewe linaleta pumu kwa watu wa bekari, ni ugonjwa unaojulikana miaka mingi, mbali na korona. Wallahi nilikuwa sijui, nimekua kwenye unga. Tukatoboa madirisha mawili ya juu tukaweka wavu wa chuma, tukaweka feni ya kutoa hewa nje, na tukaacha ile tabia ya kukung'uta magunia ndani, unakung'utia uani na umevaa barakoa. Kile kikohozi cha asubuhi ambacho tangu utoto wangu nilidhani ni cha kawaida kwa watu wa tanuri kikapungua sana. Kwa hivo barakoa ulizobaki nazo usitupe, na hewa uliyofungua usifunge.

Na tangi la maji hivo hivo. 2020 kila duka lilikuwa na tangi na bomba mlangoni, 2022 yamekuwa mapambo, mengine yamepandwa maua. Sisi Mombasa maji yenyewe yanatoka mbali, Mzima, Baricho, Marere, Tiwi, yanakatika siku tatu watu wananunua ya mkokoteni, kwa hivo bomba linalotoka maji mlangoni kwa mtu ni jambo kubwa. Oktoba 2022 kipindupindu kikaingia Kenya na kikaendelea mpaka 2023. Tangi letu lilikuwa bado linajazwa kila asubuhi, na watoto wa madrasa wanapita wananawa hapo kabla ya kununua boflo. Ni lita 200 kwa siku na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye wavu. Ukiniuliza gharama yake kwa mwezi ni chini ya ninayotumia kwenye mifuko ya karatasi.

Watoto wa wafanyikazi pia. Shule zilifungwa Machi 2020 na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021, na kuna ambao hawakurudi kabisa, wavulana wameshaonja pesa ya boda, wasichana wamepata mimba. Kwetu alikuwepo binti wa mmoja wa akina mama wa usafi. Mama alikuwa ameshakata tamaa anataka nimuajiri binti afunge mikate. Nilikataa kumuajiri na mama akakasirika na mimi, nikamwambia sera ya elimu inamruhusu arudi shule akishajifungua, mimi nitatoa karo mbele wewe utanilipa kidogo kidogo bila riba, na wewe tutakubadilishia zamu ukae na mjukuu asubuhi. Yule binti amemaliza kidato cha nne. Ukiwa na mfanyikazi mwenye watoto muulize jina la shule yao na kama wanaenda. Ni swali la dakika moja.

Jambo la mwisho, pressure na sukari. Wakati wa korona watu waliacha kwenda kliniki kwa kuogopa, na mpaka leo wengi hawajarudi. Kuna wale wahudumu wa afya wa mtaani, serikali iliwapa vifaa Septemba 2023, wana mashine ya kupima pressure na ya sukari na wanatembea nyumba kwa nyumba. Tumeelewana na wa kwetu, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi anakuja bekarini saa nne, kazi ikitulia, anapima watu wetu na mteja yeyote anayetaka, hapo kwenye benchi la nje. Tunampa chai na boflo ya moto. Mwezi wa kwanza tu alikuta watu watatu wana pressure ya juu na hawajui, mmoja ni mimi.

Juzi saa tisa na nusu usiku simu ililia, ni kijana wa tanuri, mmoja wa wale wawili wa Mzee. Meseji: "Dada samahani nina homa na kifua, leo siji." Nikamjibu alale, aende zahanati kukikucha, pesa yake ipo. Alafu nikavaa aproni nikaenda kuwasha tanuri mwenyewe.